Utando wa Rangi Moja, Viumbe Wawili: Kisa cha Tangi la Matumbawe Mombasa

Kisa hiki kinahusu tangi moja la maji ya bahari lililoko sebuleni kwa baharia mstaafu, kisiwani Mombasa, ambalo katika muda wa miezi minne lilivamiwa mara mbili na utando wa rangi ya kahawia. Mara zote mbili rangi ilikuwa ileile, na mwenye tangi aliamini kwamba ni kitu kilekile kilichorudi. Hakikuwa kilekile. Utando wa kwanza ulikuwa wa daiatomu, ambazo huja na kuondoka karibu katika kila tangi jipya. Wa pili ulikuwa wa dinoflajelata za jenasi Ostreopsis, zenye sumu, na yote niliyoyaona pale yananifanya niamini kwamba zilipata nafasi kwa sababu ya namna ule utando wa kwanza ulivyopigwa vita. Ninakieleza kwa urefu kwa sababu hatua zilizolifanya tangi lionekane safi katika mwezi wa pili ndizo zilizoua konokono na kuyafunga matumbawe katika mwezi wa nne, na kwa sababu mimi mwenyewe nilishiriki kulichelewesha jibu.

Kwanza neno. Sisi watu wa pwani tuna neno mwani, lakini mwani katika vinywa vyetu ni mmea wa baharini wenye matawi: ule unaotupwa ufukweni wakati wa kusi, au ule unaolimwa Unguja kwa kamba na vijiti tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, ambao kwa elimu ya viumbe ni mwani mwekundu hata ukionekana wa kijani au wa kahawia. Mwani wa kahawia wa kweli, kama Sargassum na Turbinaria, huonekana kwa macho na hushikika kwa mkono. Kinacholifunika tangi jipya kwa rangi ya kahawia mara nyingi si mwani wa namna hiyo, bali ni mamilioni ya seli mojamoja, ndiyo maana hapa ninatumia neno utando. Daiatomu zina undugu na mwani wa kahawia wa kweli, na rangi yao inatokana na kemikali ileile iitwayo fukozanthini. Dinoflajelata ziko mbali nazo kabisa. Miongoni mwa jamaa zao wa karibu katika ukoo wa viumbe ni vimelea vya malaria. Mtu anayeviita vyote viwili kwa jina moja, na kuvitibu kwa namna moja, anatibu rangi.

Tangi na maji yake

Tangi lenyewe lina urefu wa sentimita 120, upana wa 50 na kimo cha 50, na chini yake kuna tangi dogo lenye skima, yaani chombo kinachotoa uchafu majini kwa povu, na pampu ya kurudisha maji juu. Ukitoa nafasi iliyochukuliwa na mawe na mchanga, maji yote kwa jumla ni kama lita 320. Mawe ni ya machimbo, ya aina ileile inayojengewa nyumba zetu za pwani, yaani matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe. Yaliletwa yakiwa makavu, yakaoshwa kwa brashi na kupangwa. Jambo hili linaonekana dogo, lakini nitalirudia, kwa kuwa jiwe kavu huingia ndani ya tangi bila bakteria, bila minyoo na bila vijidudu vile ambavyo kwa kawaida hushindana na utando na kuula. Vipande vya matumbawe, karibu vyote vya aina laini, vilitoka katika tangi la mfugaji mwenzake. Hakuna kilichovunjwa baharini, wala hapakuwa na haja ya kuvunja.

Maji ya kuanzia yalitekwa kwa mitungi ya lita 20 upande wa mkono wa bahari ulioko nyuma ya kisiwa, mwezi wa Mei, mvua za masika zikiwa bado zinanyesha, tena maji yakiwa yanakupwa. Kila mwenye kuujua mkono ule anafahamu maana yake: wakati wa kupwa, maji yanayopita pale ni yale yaliyoteremka na vijito na kupita katika mikoko, si maji ya bahari kuu. Maji ya nchi kavu hubeba silika iliyoyeyuka kutoka kwenye udongo na miamba, na silika ndiyo daiatomu hujengea ganda lake la kioo.

Chanzo cha pili cha silika kilikuwa maji ya kufidia yanayokauka. Katika joto la Mombasa, tangi la ukubwa huu hupoteza kama lita 4 kwa siku. Chumvi haikauki, kwa hiyo kinachorudishwa ni maji matamu. Na kwa kuwa mfereji wa mtaa ule hautoki kila siku, Mzee, kama ninavyomwita mwenye tangi, alikuwa akitumia maji ya kisima yanayoletwa kwa mkokoteni. Nilipokuja kuyapima baadaye, yalikuwa na silika kiasi cha miligramu 15 kwa lita, kiwango ambacho ni cha kawaida kwa maji ya chini ya ardhi na hakimdhuru mnywaji. Lakini fanya hesabu: lita 4 zenye miligramu 15 ni miligramu 60 kila siku, na ukizigawa katika lita 320 unapata karibu miligramu 0.19 kwa lita kwa siku moja. Majaribio ya baharini yaliyochapishwa mwaka 1992 yalionyesha kwamba daiatomu hutawala pale silikati, yaani silika iliyoyeyuka majini, inapozidi takriban mikromoli 2 kwa lita, ambazo ni kama miligramu 0.12 za silika, mradi virutubishi vingine vipo. Yaani kila asubuhi, Mzee alipojaza tangi, alikuwa akimwaga kiasi kinachopita mpaka huo, na kesho yake akirudia.

Mchanga haukuwa na hatia. Ulipodondoshewa siki ulitoa povu, dalili kwamba ni wa chokaa. Hata kama ungekuwa wa kwazi, ambao ni silika tupu, nisingeuweka mbele katika orodha ya washukiwa, kwa sababu kwazi huyeyuka polepole mno. Wafugaji wengi huukokota mchanga nje ya tangi huku maji ya kisima yakiendelea kuingia.

Utando wa kwanza

Wiki tatu za mwanzo zilipita kama inavyotarajiwa: amonia ilipanda ikashuka, nitriti ikafuata, kisha nitrati ikaanza kuonekana. Katika wiki ya nne mchanga ulibadilika. Mzee alinitumia picha: sakafu ya tangi ilikuwa kana kwamba imenyunyiziwa unga wa kakao, na vioo vilikuwa na vumbi la rangi hiyohiyo lililofutika kwa kidole bila shida. Vumbi halikuwa na nyuzi wala viputo, na halikujali saa. Asubuhi na jioni lilikuwa sawa. Nilimwambia kwa simu kwamba hizo ni daiatomu, kwamba tangi la mwezi mmoja lenye utando huo ni tangi linalokua, na kwamba atafute maji safi ya kujazia kisha asubiri wiki nne hadi sita. Vipimo vyake vilikuwa nitrati miligramu 10 na fosfati 0.08 kwa lita. Hivyo ni viwango vyema, na vingeachwa vilivyo visingemdhuru yeyote.

Kusubiri ni kazi ngumu kwa mtu aliyetumia miaka 30 katika chumba cha injini, ambako kila doa ni dalili ya hitilafu. Mzee alikwenda dukani akashauriwa kukata chakula cha utando, na alifanya hivyo kwa bidii zote. Aliweka chembechembe za oksidi ya chuma, ambazo hunasa fosfati pamoja na sehemu ya silikati, tena mara mbili ya kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Alianza kutia siki kila siku, ambayo huwalisha bakteria ili wakikua wavute nitrati na fosfati kutoka kwenye maji, halafu skima iwatoe bakteria hao. Aliwapunguzia samaki chakula kikawa mara moja kila siku mbili. Alipunguza saa za taa, akavuta mchanga kwa mpira kila jioni. Wakati huohuo, kwa bahati, alinunua mashine ya RO, inayosukuma maji kupitia kichujio chembamba sana, ya kuchujia maji ya kujazia.

Katika wiki ya nane mchanga ulikuwa mweupe pe. Yeye aliamini kwamba chembechembe na siki vimeshinda. Mimi ninaona kwamba mashine ya RO ilikuwa imekata sehemu kubwa ya silika, na kwamba daiatomu zingeisha hata bila hayo mengine, kama zinavyoisha katika matangi ambayo wenyewe hawafanyi lolote. Ila nilipoona picha ya mchanga mweupe nilimpongeza, sikuuliza vipimo, wala sikumuuliza alifanya nini. Hilo ndilo fungu langu la kosa. Vipimo vya wiki hiyo nilivisoma baadaye katika daftari lake, ambalo analiandika kwa nidhamu ya kitabu cha safari: nitrati 0, fosfati 0, na chini yake amepiga mstari mara mbili kwa furaha.

Sifuri hiyo inahitaji kuelezwa. Katika tangi lililojaa utando, kipimo kinaweza kusoma sifuri kwa sababu utando unakula kila kinachozalishwa kabla hakijafika kwenye chupa ya kupimia. Hapo sifuri haimaanishi umaskini. Katika tangi la Mzee haikuwa hivyo. Mchanga ulikuwa mtupu, samaki walikuwa wanalishwa kidogo, na chembechembe na siki vilikuwa vinanyonya mfululizo. Ulikuwa umaskini wa kweli. Bakteria na mwani wa kijani mwembamba, ambao wangekuwa wamekwisha kushika kila shubiri ya jiwe kufikia umri ule, walinyimwa riziki, na mawe yaliyoingia makavu yakabaki kiwanja kitupu. Dinoflajelata nyingi huvumilia hali hiyo kuliko washindani wao: zinafanya usanisinuru, lakini baadhi yake pia huweza kumeza viumbe wadogo, na hujifunika ute unaonasa kinachopita.

Utando wa pili

Ulionekana katika wiki ya kumi na mbili. Daftari linasema: "Kahawia imerudi, sasa juu ya mawe." Siku iliyofuata Mzee aliongeza chembechembe. Siku nne baadaye akaongeza siki. Katika wiki ya kumi na nne konokono tisa kati ya kumi na watano walikuwa wamekufa, matumbawe laini yalikuwa yamejikunja tangu asubuhi hadi usiku, na ndipo aliponipigia simu, akasema, "Mwanangu, njoo uone kwa macho yako, picha hazitoshi." Alikuwa na haki kabisa. Picha zake mbili, ya wiki ya nne na ya wiki ya kumi na mbili, ukiziweka sambamba hutaona tofauti kubwa, na mimi mwenyewe kwa kuitazama ile ya pili ningesema daiatomu tena.

Nilifika saa kumi alasiri. Utando ulikuwa umening'inia kutoka kwenye ncha za mawe na kwenye shina la tumbawe moja kwa nyuzi za ute, kama makamasi, na ndani ya nyuzi kulikuwa na viputo vya hewa. Viputo hivyo ni oksijeni ya usanisinuru iliyonaswa na ute. Daiatomu nazo huweza kutoa viputo, kwa hiyo sikuvihesabu kuwa ushahidi wa peke yake. Nililala pale. Saa kumi na moja alfajiri, taa zikiwa hazijawaka, niliwasha tochi: mawe yalikuwa karibu safi. Kufikia saa nane mchana nyuzi zilikuwa zimerudi zote. Kuondoka usiku na kurudi mchana ni tabia ya kiumbe anayeogelea, na daiatomu haina mjeledi wa kuogelea nao.

Asubuhi hiyo nilifanya jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Nilivuta ute kwa bomba la sindano, nikautia katika chupa ndogo yenye maji ya tangi, nikaitikisa kwa nguvu mpaka pasibaki bonge hata moja, kisha nikayapitisha maji katika karatasi. Kilichopita kilikuwa maji ya rangi hafifu ya chai. Niliyaweka katika glasi chini ya taa. Baada ya dakika 50 hivi, nyuzi zilikuwa zimejisuka upya ndani ya glasi. Seli za daiatomu na vumbi la taka haziwezi kufanya hivyo. Zilizopita katika karatasi hutua chini na kubaki chini.

Jibu la mwisho lilitoka kwenye hadubini ya kufundishia ya shule, yenye ukuzaji wa mara 400, ambayo mjukuu wa Mzee aliiazima kwa siku mbili. Tone moja la ute lilionyesha seli za kahawia iliyokolea zenye umbo la tone la maji, duara upande mmoja na zimechongoka upande wa pili, zikizunguka kwa kujishikiza kwenye ncha yao kana kwamba zimefungwa kamba. Mzunguko huo wa kujishikiza na umbo hilo ni alama za Ostreopsis. Ingekuwa Amphidinium, jenasi nyingine ya dinoflajelata, ningeona seli bapa zenye umbo la yai zinazoteleza juu ya punje za mchanga. Ingekuwa Prorocentrum, nayo ya jamii hiyohiyo, ningeona yai lenye nukta iliyo wazi katikati. Kutoka kwenye mchanga nilichukua tone jingine kwa ajili ya kulinganisha, na humo niliona daiatomu chache za aina iliyo kama mtumbwi, ngumu, zenye kuta zinazong'aa kama kioo, zikiteleza polepole kwa mstari ulionyooka, na maganda matupu ya wenzao waliokufa wiki ya nane. Sianobakteria, ambazo huanguka kama shuka la rangi ya damu ya mzee na kubanduka kwa vipande, hazikuwepo.

Kabla ya tiba, usalama. Ostreopsis hutengeneza sumu za kundi la palitoksini, ambazo ni miongoni mwa sumu kali zinazojulikana kutoka baharini. Katika kiangazi cha mwaka 2005, mchipuko wake katika pwani ya Genoa, Italia, uliwapeleka watu kama 200 kwa waganga wakiwa na homa, kikohozi na pumzi kubana, kwa kuvuta tu hewa yenye matone ya maji ya bahari. Karibu zaidi na sisi, mwaka 1994 huko Madagascar mwanamke alikufa baada ya kula samaki wa jamii ya dagaa, na uchunguzi ulihusisha kifo hicho na sumu ya kundi hilohilo. Tangi la nyumbani si bahari, lakini Mzee alikuwa na mazoea ya kuvuta mpira kwa mdomo ili maji yaanze kushuka, kama sisi sote tunavyovuta mafuta ya taa. Nilimwomba aache siku hiyohiyo. Tulivaa glavu na miwani, tulifungua madirisha, na tulikubaliana kwamba hakuna jiwe litakalosuguliwa likiwa kavu wala kuchemshwa, kwa sababu mvuke na vumbi ndivyo hupeleka sumu mapafuni.

Tulivyotibu

Swali la kwanza la Mzee lilikuwa dawa ipi anunue. Sikumpa jina la dawa yoyote, na nilimweleza sababu: matumbawe yenyewe huishi kwa msaada wa seli za kahawia zilizomo ndani ya nyama yao, na seli hizo nazo ni dinoflajelata. Dawa inayodai kuua jamii hii yote haiwezi kuchagua kati ya mgeni na mwenyeji. Kilichobaki ni kuwarudishia washindani riziki yao, na kuishambulia Ostreopsis kupitia tabia yake ya kuogelea usiku.

Siku ya kwanza tulitoa chembechembe zote za oksidi ya chuma na kusimamisha siki. Samaki wakarudishiwa mlo wa kila siku. Kwa kuwa chakula peke yake kingechukua wiki kadhaa kupandisha virutubishi, tulitia nitrati ya potasiamu iliyo safi: gramu 2.6 huongeza miligramu 5 za nitrati kwa kila lita katika maji lita 320, na tulizigawa kwa siku mbili. Mbolea ya shambani haifai kwa kazi hii, maana inaweza kuwa na shaba, ambayo huua konokono na kamba kwa kiasi kidogo sana. Fosfati ilitusumbua zaidi. Tulilenga miligramu 0.1 kwa lita. Jioni kipimo kilisoma 0.1 na asubuhi kilisoma 0. Mawe ya chokaa hunasa fosfati juu ya nyuso zake, na mawe yale yalikuwa na njaa ya miezi miwili. Ilitubidi kurudia siku tisa kabla ya kipimo kubaki juu ya 0.05 usiku kucha. Mzee aliniuliza katika siku ya tano kama hatumpi adui chakula, na swali lake lilikuwa la haki, kwa sababu siku hizo nyuzi zilikuwa zimeongezeka kidogo. Nilimwambia kwamba Ostreopsis ilistawi vyema bila chakula hicho, kwa hiyo kumnyima kusingetufaa tena, na walio hoi kwa njaa walikuwa wengine.

Taa ya miale ya urujuanimno ya wati 36 iliwekwa siku ya kumi. Mahali pa kuiwekea ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: tuliunganisha bomba lake lichote maji katika tangi la juu lenyewe na kuyarudisha humohumo, kwa pampu ndogo ya lita 600 kwa saa, badala ya kuiweka katika tangi la chini ambako ni sehemu tu ya maji hufika. Kisha tulilifunika tangi zima kwa kaniki mbili zilizoshonwa pamoja, taa zikazimwa siku tatu mchana na usiku. Gizani Ostreopsis huacha mawe na kuingia majini, na majini ndiko taa inakoiua. Kila asubuhi tulisuuza sponji ya kuchujia, ambayo ilitoka na maji ya rangi ya chai. Mkaa ulioamilishwa uliwekwa kwa ajili ya kunasa sumu ya seli zinazokufa na ukabadilishwa kila siku ya tatu. Pampu ya hewa ilifanya kazi muda wote, ikiwa na betri ya akiba kwa sababu ya kukatika kwa umeme, kwani seli nyingi zinapooza kwa pamoja oksijeni hushuka haraka. Hatukubadilisha maji katika kipindi hiki, ingawa mkono wa kila mfugaji hukimbilia ndoo. Wengi wetu tumeona dinoflajelata zikiongezeka siku chache baada ya kubadilisha maji mengi, na kwa Mzee maji mapya yangeshusha tena kile tulichokuwa tunakipandisha.

Ningekuwa nimeona Amphidinium katika hadubini, nisingemshauri anunue taa hiyo. Ile ya seli kubwa hujificha mchangani usiku, haipandi majini kwa wingi, na taa hubaki ikiangaza maji matupu. Kwa hiyo, njia ambayo wafugaji wengi wamepata matokeo nayo ni kutia silikati kwa makusudi, ili daiatomu zikue na kuunyang'anya mchanga. Mtu aliyetoka kupigana na daiatomu husikia ushauri huo kwa mshangao, ila ndivyo mambo yalivyo: kinachoharibu sura ya mchanga katika wiki ya nne kinaweza kuwa mlinzi wake katika wiki ya kumi na nne.

Tulipofunua kaniki, mawe yalikuwa na rangi ya jiwe. Nyuzi chache zilirudi siku ya tatu ya mwanga, tukazivuta kwa bomba la sindano, na baada ya siku kumi na mbili hazikuonekana tena kwa macho. Ndipo tulipoleta vikombe vitatu vya mchanga hai na jiwe moja kutoka kwenye tangi la mfugaji mwenzake lenye umri wa miaka sita, tangi ambalo halijawahi kuwa na tatizo hili, ili minyoo, bakteria na vijidudu vilivyokosekana tangu mwanzo viingie. Katika hatua zote, hii ndiyo ninayoiona ingepaswa kufanywa kabla ya samaki wa kwanza.

Maji ya kujazia

Mashine ya RO aliyonunua Mzee ni ya maji ya kunywa. Kichujio chake chembamba huzuia sehemu kubwa ya silika, si yote. Kinachobaki hushikwa na resini ya hatua ya mwisho, yaani punje zinazonasa madini yaliyoyeyuka, ambayo mashine yake haikuwa nayo. Tuliiongeza. Hapa kuna mtego mmoja ambao umewanasa watu makini: silika hushikwa na resini kwa udhaifu kuliko madini mengine, kwa hiyo resini inapokaribia kuisha, silika ndiyo hutangulia kupita, na kalamu ya kupimia madini bado husoma sifuri, kwa sababu silika iliyoyeyuka haina chaji ya kutosha kupitisha umeme. Mwenye tangi ataona sifuri kwenye kalamu na vumbi la kahawia kwenye kioo, asielewe. Resini hubadilishwa kwa kuhesabu lita zilizopita, au kwa kupima silika yenyewe.

Maji ya bahari nayo hayatekwi tena nyuma ya kisiwa. Mzee huenda upande wa bahari kuu, siku za bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa, na hateki katika wiki za masika. Huyachuja kwa kitambaa kizito, huyaweka gizani katika pipa lenye pampu kwa siku saba, na huyapima silika na fosfati kabla ya kuyatumia.

Tangi sasa lina miezi kumi. Katika mwezi wa sita vumbi jembamba la daiatomu lilirudi juu ya mchanga kwa wiki mbili na hakuna aliyeligusa; baada yake vioo vikaanza kupata ukijani unaofutwa mara moja kwa wiki, na madoa ya waridi ya mwani wa chokaa yakajitokeza kwenye mawe ya machimbo. Nitrati inakaa kati ya 5 na 8, fosfati kati ya 0.05 na 0.1. Konokono sita waliobaki wako hai, na wengine kumi wameongezwa. Taa ya urujuanimno inafanya kazi usiku tu.

Nilipochukua sampuli mwezi uliopita kutoka kwenye ncha ya jiwe lile lililoathirika zaidi, nilitazama matone manne. Katika matatu niliona daiatomu, minyoo midogo na vijidudu vingine vikila. Katika la nne kulikuwa na seli mbili za Ostreopsis, zikizunguka kwenye ncha zao kama zamani. Nilimwonyesha Mzee. Alitazama kwa muda mrefu, akauliza kama zimo tangini muda wote, nikamjibu kwamba ninaamini zimo. Aliandika tarehe na idadi katika daftari lake, chini yake akaandika nitrati na fosfati za siku hiyo, kisha akaenda kuwalisha samaki.